Mita 200 Walizonyimwa Wakimbiaji wa T38

Tangu Michezo ya Paralimpiki ya Rio mwaka 2016, wakimbiaji wa daraja la T38, ambao mtindio wa ubongo au maradhi mengineyo yamewapunguzia uwezo wa kuviratibu viungo vyao, hawana mbio za mita 200 katika michezo hiyo. Na ilipofika zamu ya Paris mwaka 2024, riadha ikiwa na mashindano 164, nafasi yao ilikuwa bado tupu, ilhali wenzao wa madaraja ya T35 na T37 walikuwa wamewekewa. Hiyo ni dhulma, tena iliyotokana na kutoujua ulemavu wenyewe.

Wapangaji wa ratiba wana hoja zao, nasi hatuna budi kuzitaja: siku ni chache, madaraja ni mengi, nishani zikizidi hupungua thamani, na isitoshe wa T38 wanazo mita 100 na 400. Haya, tumesikia.

Walakini mita 100 hukimbiwa katika njia iliyonyooka, na mita 400, japo zina kona mbili, aghalabu hukimbiwa kwa kuitunza pumzi. Ni mita 200 zinazomtaka mtu aikabili kona kwa kasi yake yote, na kona hiyo humeza zaidi ya nusu ya mbio. Mtazame mkimbiaji ambaye upande wake wa kulia hukakamaa: kiwanja huzungukwa kwa kuelekea kushoto, mwili hulazimika kulalia huko, na mguu wa kulia, ambao ndio wa nje, hutakiwa kusukuma kwa nguvu ilhali goti halikunjuki barabara, kiwiko kimejikunja kifuani, na kadiri mchoko unavyozidi ndivyo misuli inavyozidi kubana. Ama yule ambaye ulemavu wake ni wa kuyumba, yeye huanza taabu tangu hatua ya kwanza, kwa kuwa mbio huanzia pale pale penye mpindo. Na atokapo konani sharti auweke sawa mwondoko wake wote pasipo kupunguza mwendo. Uratibu wa viungo, ambao kwa ajili yake watu hawa wamepangiwa madaraja, hapo ndipo unapopimwa kwa insafu. Kuuondoa mtihani huo ni sawa na kumtahini nahodha ilhali jahazi limefungwa gatini.

Wala mbio hizo hazikukosa wenyewe. Evan O'Hanlon wa Australia alizishinda Beijing mwaka 2008 na London mwaka 2012. Aliporudi kwa ajili ya Rio, hazikuwapo. Sophie Hahn wa Uingereza alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 100 na 200 mwaka 2017, lakini katika Michezo ya Tokyo akaambulia ushindi wa mita 100 tu.

Na hapa ndipo subira inaponiishia. Tangu Tokyo, Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki imeweka mbio za kupokezana zinazochanganya aina nne za ulemavu, na zamu ya tatu hukimbiwa na mwenye ulemavu wa uratibu. Zamu ya tatu ya mita 100 mara nne iko wapi? Iko konani! Basi wanamkabidhi kona, wanamtazama akiikimbia mbele ya umati, wanampigia makofi, kisha wanadai kwamba ratiba haina nafasi ya yeye kuikimbia kwa jina lake mwenyewe. Mwenye kuifahamu hisabu hiyo na ajitokeze atueleze.