Kifaranga wa Kware Akifa, Tusikimbilie Kusema "Kadari" Tukanyamaza



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, siku hizi tunaulizwa sana na watoto wa madrasa hapa Ajia: "Mwalimu, mbona vifaranga wanakufa?" Wana haki ya kuuliza. Tulileta vifaranga 40 wa kware, wa siku moja, ili watoto wajifunze ufugaji. Asubuhi ya kwanza tukakuta 11 wamelaliana kwenye pembe ya boksi, wamekufa. Mtoto mmoja alilia mpaka akashindwa kusoma sura yake. Mzazi aliyekuwepo akamwambia, "Nyamaza, ni kadari ya Mwenyezi Mungu."

Kuamini kadari ni nguzo ya imani, na hilo hatubishani. Lakini usiku ule makaa kwenye chungu yalizimika, na sisi tulikuwa tumelala. Kumwambia mtoto kadari na kulinyamazia lile chungu ni kumfundisha nusu ya dini, ile nusu inayotupumzisha sisi wakubwa.

Kifaranga wa kware anapototolewa, baada ya siku 17 au 18, ana uzito wa gramu 6 hadi 8 tu. Mwili mdogo hivyo hauwezi kujitunzia joto. Wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 35 hadi 37, kisha linapunguzwa kidogo kidogo kila wiki. Asiye na kipimajoto awatazame wenyewe. Wakisongamana na kulia, wanaona baridi, na wa chini watakufa kwa kukosa hewa. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika wakila na kulala ovyo ovyo, hapo ni sawa. Na anayetumia makaa aache mahali pa hewa kupita, kwani hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua vifaranga na huua watu pia.

Siku ya pili tulipoteza watatu kwenye maji. Tulikuwa tumeweka kisahani cha kuku! Kware huyu mdogo akiingia humo huzama, au hutoka ameloa akafa kwa baridi. Dawa yake haina gharama: mfuniko wa chupa, na vijiwe vilivyooshwa ndani yake, abaki na nafasi ya kuingiza mdomo tu.

Waliotushangaza zaidi ni watano waliokufa kati ya siku ya nne na ya tano, wakati joto lilikuwa sawa na maji yako salama. Kumbe kifaranga kabla ya kutoka huvuta kiini cha yai tumboni, na hicho humlisha kama siku mbili au tatu. Asiyejifunza kula hutembea na wenzake kama mzima, kiini kikiisha anaanguka. Chakula tulichonunua kilikuwa cha vifaranga wa kuku, chembe zake kubwa kuliko mdomo wa kware. Sasa tunakitwanga na kukichekecha, na siku za mwanzo tunakinyunyiza juu ya kitambaa kikavu kilichokwaruza. Gazeti linateleza, miguu yao hupanuka wakashindwa kusimama.

Kwa hiyo siku ya kufa yenyewe inasema kitu. Wapo pia wanaokufa bila kosa la mlezi, kwa mfano waliotoka kwenye mayai yaliyokaa sana kabla ya kutotoleshwa, au wazazi wao wakiwa ni ndugu wa damu. Hao tusijilaumu kwao, lakini tusiwafanye kisingizio cha wengine wote.

Katika Bukhari na Muslim imo habari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyefiwa na kindege chake. Mtume (S.A.W.) hakumwambia anyamaze. Alimuuliza habari za kindege kwa upole. Wanavyuoni walitoa faida nyingi humo, mojawapo ni kuwa mtoto anaruhusiwa kuweka ndege, kwa sharti asimtese. Na sote tunaijua habari ya yule mwanamke aliyemfungia paka asimlishe wala asimwache ajitafutie. Ukifunga kiumbe kwenye boksi, umechukua dhamana yake.

Tena ndege huyu si mgeni kwetu. Salwa iliyotajwa pamoja na manna katika Al-Baqarah, Al-A'raf na Taha, wafasiri wengi wamesema ni kware au ndege wa jinsi yake. Baadhi ya wazazi wanatuambia tulete 500 tuuze mayai. Tunawakumbusha Kenya, ambako mwaka 2013 watu wengi walikimbilia kware, na mwaka 2014 bei ya mayai ikaporomoka. Tujifunze kwanza kuwavusha 40 wiki moja.

Waliobaki kwetu ni 21, wana wiki tatu, na manyoya yameota. Mtoto yule aliyelia tulimweleza habari ya chungu, kwamba kosa lilikuwa letu. Akauliza, "Leo nani atakesha?" Tukapanga zamu sisi walimu. Anayependa kuwaona aje baada ya Alasiri, ila asije na paka.

Wassalaam.