Mbwa wa Simba na Karatasi ya 1922

Wauzaji wa mbwa hapa Nairobi wanajua nimezeekea kwenye kazi ya kufundisha mbwa wa ulinzi, lakini bado hawaachi kunipiga fiksi. Mtoto wa Ridgeback akiletwa, simba hutangulia: babu yake, naambiwa, alimkaba simba koo huko Rhodesia. Simba akizidi ukubwa, na bei hupanda.

Ni kweli mbwa hawa waliwinda simba. Kazi yao ilikuwa kunusa nyayo, kumzingira na kumbwekea, wakimsogelea na kumkwepa, mpaka mwenye bunduki afike. Mbwa wa kumvaa simba mwili kwa mwili haoni jioni, wala haachi wajukuu wa kuuzwa.

Hata ule mstari wa manyoya yaliyolala kinyume mgongoni haukuletwa na wawindaji wa kizungu. Walikuwa nao mbwa wa Wakhoikhoi, wafugaji wa kusini mwa Afrika, kabla ya kuchanganywa na mbwa wa Ulaya. Mwindaji Cornelius van Rooyen aliwazalisha mbwa wenye mstari na mbwa wake wa kuwindia, na mwaka 1922 Francis Barnes akawakutanisha wafugaji mjini Bulawayo. Vigezo walivyoviandika waliviiga vya Dalmatian. Mbegu ikapewa jina la koloni la Rhodesia, na Mkhoikhoi akabaki bila hata mstari mmoja kwenye cheti.

Wapo watakaosema hadithi haiumizi mtu. Mbwa je? Kwa kuwa mstari ulifanywa ndiyo alama ya damu ya simba, kwa miongo mingi wafugaji waliwaua watoto waliozaliwa bila mstari, wazima kabisa, ili banda lisiaibike. Mwaka 2007 wanasayansi wakachapisha matokeo yao: jeni linaloleta mstari ndilo linalomweka mbwa kwenye hatari ya kuzaliwa na kijitundu cha ngozi kinachoweza kuzama hadi karibu na uti wa mgongo na kutunga usaha. Ndiyo maana muuzaji akisimulia, mimi hupitisha vidole polepole kutoka kisogoni hadi kiunoni, nikitafuta kitu kigumu kama uzi chini ya ngozi. Waliouawa ndio waliokuwa na nafuu ya maradhi hayo.

Uongo wa namna hii haukuzaliwa Afrika peke yake. Kule Malta kuna mbwa wa kuwinda sungura ambaye Waingereza walimwita Pharaoh Hound, akaanza kuuzwa kama aliyetoka moja kwa moja kwenye michoro ya makaburi ya Misri. Uchunguzi wa jeni za mbegu 85 uliochapishwa mwaka 2004 haukumweka kwenye kundi la mbwa wa kale. Golden Retriever naye alidaiwa kutokana na mbwa wa sarakasi wa Kirusi walionunuliwa Brighton. Mwaka 1952 yakachapishwa yaliyomo kwenye daftari la banda la Lord Tweedmouth wa Scotland: mwaka 1868 dume wa njano aitwaye Nous alipandishwa kwa Belle, jike wa mbwa wa maji wa kando ya mto Tweed. Hakuna sarakasi, hakuna Mrusi. Yupo mtu aliyeandika nani kazaa na nani, mwaka baada ya mwaka, na daftari hilo kwangu lina thamani kuliko farao.

Kwa hiyo, ewe mnunuzi, achana na ukoo wa kale. Uliza mama yuko wapi, uonyeshwe. Tazama kama kadi ya chanjo ina mhuri wa daktari. Kisha uliza walizaliwa wangapi, na wenzake wako wapi leo. Hapo ndipo wengi hutokwa na jasho. Anayelijibu hilo bila kusita, mlipe.