Ukungu Nyuma ya Uso Si Ufundi

Kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwa wapiga picha wetu, kuanzia studio za Moshi mjini hadi vijana wenye kamera begani pale Kwa Sadala: kwamba lenzi bora ya kupigia picha za watu ni ile yenye tundu kubwa kuliko zote. Namba ya f ikipungua tundu linapanuka, basi mwenye f/1.8 anamwonea wivu mwenye f/1.4, na mwenye f/1.4 analala akiota f/0.95. Kipimo cha ubora kimebaki kimoja tu: nyuma ya mtu pamefutika kiasi gani? Imani hiyo ni potofu, na hakuna kamera inayoiumbua upesi kama renjifainda, ile ya jamii ya Leica M, ambayo ndiyo inayotengenezewa lenzi za bei mbaya kuliko zote kwa jina la ukungu huo.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Chukua Summilux ya milimita 75 yenye f/1.4, iliyotolewa na Leitz, watengenezaji wa Leica, mwaka 1980 na ambayo hadi leo inasakwa kama madini. Msimamishe mzee mita moja na nusu mbele yako, fungua tundu lote, na sehemu itakayotoka kali pichani, kutoka mbele kwenda nyuma, ni kama sentimita 3. Kutoka ncha ya pua hadi sikio ni zaidi ya sentimita 10. Kwa hiyo jicho likiwa kali, sikio limeshayeyuka, na mzee akigeuza kichwa kidogo, jicho la pili nalo linakwenda. Wanaokesha wakibishana kama wanunue hiyo ya 75 au Summicron ya milimita 90 yenye f/2 wanabishania kitu kimoja, kwani kwa umbali huohuo ya pili nayo inatoa sentimita 3 zilezile. Ziba tundu la ile ya 75 hadi f/4 na unapata sentimita 9. Fika f/8 na unapata 18, uso mzima pamoja na ukosi wa shati.

Hata hizo sentimita 3 kuzipata ni bahati. Kwenye renjifainda hutazami kupitia lenzi. Unatazama kwenye kidirisha kilicho pembeni, unazungusha lenzi hadi taswira mbili za kitu kimoja zilaliane, kisha unabonyeza. Kidirisha hicho kinaonyesha kila kitu kikiwa kikali, kuanzia kope za mzee hadi migomba ya jirani, hata tundu likiwa wazi lote. Yaani mtu amelipia ukungu asioweza kuuona wakati anapiga. Na kati ya taswira kulaliana na kidole kubonyeza, mzee aliyesimama wima huyumba bila mwenyewe kujua. Akiyumba sentimita 2 tu, kilichotoka kali ni ndevu.

Jua letu nalo lina neno lake. Filamu ya ISO 100 kwenye jua la saa sita mchana hutaka f/16 kwa kasi ya 1/125 ya sekunde. Kutoka hapo hadi f/1.4 ni hatua saba, kila moja ikizidisha mwanga maradufu, na hatua saba zinataka kasi ya 1/16000. Leica M6, iliyotoka mwaka 1984, inaishia 1/1000. Kwa hiyo mwenye f/1.4 na mwenye f/2.8 wakisimama juani sokoni Kwa Sadala, wote wawili watapiga kwa f/5.6, tofauti ni kwamba mmoja amebeba lenzi ya takribani gramu 600, na mwenzake mwenye Tele-Elmarit ya milimita 90 hajafikisha hata robo kilo. Kamera za dijiti zina kasi kubwa zaidi, lakini zile sentimita 3 haziongezeki. Vichujio vyeusi vya kupunguza mwanga pia vipo. Ila kununua lenzi kwa kuwa inaingiza mwanga mwingi, kisha ukanunua kioo cha kuuzuia mwanga huohuo, ni kuteka maji ili uyamwage.

Hata hivyo, hoja kubwa si ya hesabu. Ni ya kile kinachofutwa. Desemba, Wachagga wanapopanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko kurudi vihambani, kwenye mashamba ya ukoo huko mlimani, picha isiyokosekana ni ya babu na bibi wakizungukwa na wajukuu. Nyuma yao kuna migomba, chini ya migomba kuna kahawa, na pembeni kuna masale, mmea unaoweka mpaka wa kihamba na ambao jani lake likifungwa fundo hupelekwa kuomba msamaha. Mjukuu atakayeishika picha hiyo miaka 40 ijayo atataka kuona kihamba kilikuwaje na mpaka ulipita wapi. Lenzi ya f/1.4 itampa supu ya kijani. Hata mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, hakufuta kilicho nyuma: aliwasimamisha wateja mbele ya vitambaa vyenye michoro tele, na michoro hiyo inaonekana waziwazi pichani. Nyuso zake hazikupotea. Zilipata mahali pa kusimama.

Nitaambiwa nyuma mara nyingi ni fujo. Ni kweli: Kwa Sadala ni soko la kandokando ya barabara ya Moshi–Arusha, na nyuma ya muuza ndizi kunaweza kuwa na bodaboda, nguzo ya umeme na bango la kampuni ya simu. Lakini dawa ya bango ni miguu. Sogea hatua mbili kushoto na mama amebaki na mikungu yake; msogeze mlangoni mwa duka lenye giza ndani na nyuma pamekuwa peusi bila gharama. Nitaambiwa pia kuna giza: mkesha wa Krismasi kanisani, au jikoni penye taa moja. Hapo nakubali, kwani f/1.4 huingiza mwanga mara nne ya f/2.8, na hiyo ndiyo kazi yake halali. Wengine watasema mteja mwenyewe ndiye anautaka ukungu. Mteja huyo amefundishwa na simu. Tangu iPhone 7 Plus ya mwaka 2016, simu zimekuwa zikitengeneza ukungu huo kwa programu, na kinachopatikana kwa kubonyeza mara moja hakiwezi kuendelea kuwa cheti cha ufundi.

Basi anayechagua lenzi ya picha za watu kwa ajili ya renjifainda aanze na urefu wa milimita na uzito atakaoubeba siku nzima. Namba ya tundu ije mwisho. Kwa wengi wetu f/2.8 inatosha na inabaki. Pesa itakayookolewa inunue filamu na nauli ya kupanda mlimani Masama. Ukifika, ziba tundu hadi f/5.6 na umwache bibi asimame na masale yake nyuma.