Nani kasema wasichana wa kusini hawapendi hesabu?

Wadau, kuna kauli naisikia kila nikitumwa kazini Nachingwea au Ruangwa, na imenichosha: eti mabinti wa huku hawapendi hesabu. Wanaoisema ni watu wazima wenye digrii zao, tena kwa sauti ya huruma. Mimi nauita uvivu wa kufikiri.

Hebu tumtazame Verdiana Masanja. Kazaliwa Bukoba mwaka 1954, kasoma Jangwani, kaingia Mlimani, na mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kikampa shahada ya uzamivu. Mwanamke wa kwanza Mtanzania kufika hapo katika hisabati! Angeweza kukaa kimya na milinganyo yake na heshima yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akaenda kuratibu FEMSA hapa nchini, mradi wa miaka ya 1990 uliouliza kwa nini wasichana wa Afrika wanaachwa nyuma kwenye hisabati na sayansi. Majibu yalipatikana shuleni na nyumbani: mwalimu anayewaita wavulana tu ubaoni, maabara tupu, vitabu ambamo mwanasayansi siku zote ni mwanaume, binti anayefika darasani kachoka kwa kazi za nyumbani. Kasoro ya ubongo wa kike haimo.

Mlimani nao wakaanzisha mafunzo ya awali kwa wasichana waliokosa nafasi za sayansi kwa alama chache. Unanolewa, unapewa mtihani, ukifaulu unaingia. Basi kelele: wanabebwa! Kubebwa gani huko? Kijana wa Dar aliyelipiwa tuisheni tangu darasa la tano, huyo alitembea kwa miguu yake?

Tena jambo hili si la heshima tu. Ni la mkate. Ruangwa, pale Chilalo, kuna kinywe, madini yanayotengenezea betri za magari ya umeme. Nachingwea kuna nikeli ya Ntaka. Machimbo yakishika kasi watatakiwa wajiolojia, wakemia, wahandisi. Watatoka wapi? Nachingwea ilishaona sinema hii: mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta na wataalamu wao kulima karanga, wenyeji wakawa vibarua. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa.

Msiniambie hela hakuna. Namungo ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, wilaya nzima ilisimama, wafadhili wakajitokeza, mabasi yakajaa mashabiki. Safi sana, hata mimi nilishangilia. Sasa nataka kumwona mfadhili mmoja, mmoja tu, akikabidhi mizani na kemikali za maabara kwa shule ya kata huku kamera zinapiga picha kama zinavyopiga kwenye jezi. Bila hivyo mgodi utafunguliwa, mabinti wa Namungo wataajiriwa kuwapikia wachimbaji ugali, na yule bwana mwenye digrii atarudi na huruma yake kutuambia hawapendi hesabu.