Elimujamii si shahada ya waliokosa bahati

KILA mara majina ya wanaojiunga na vyuo vikuu yanapotangazwa, kuna nyumba ambazo shangwe hukatika ghafla. Mtoto amepata alama za kumfikisha chuoni na majirani wameshapiga vigelegele, lakini ujumbe wa bodi ya KUCCPS unaposomwa, unasema: Shahada ya Sanaa, Elimujamii.

"Sasa na hiyo utafanya kazi gani?" mzazi huuliza.

Mtoto aghalabu hukosa jibu. Huenda elimujamii, au sosholojia kama wengine wanavyoiita, haikuwa chaguo lake la kwanza wala la pili. Aliomba uanasheria au uuguzi, nafasi zikajaa, naye akatupwa huku. Basi huingia chuoni akiwa tayari ameambiwa kwamba masomo yake ni makombo ya karamu ya wenzake.

Swali la mzazi si la kupuuzwa. Kwa miaka mingi, mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali katika chuo cha umma alilipa karo ya Sh16,000 kwa mwaka. Mfumo mpya wa ufadhili uliozinduliwa 2023 uliivuruga hesabu hiyo. Sasa gharama hugawanywa mafungu matatu: ufadhili wa serikali, mkopo ambao mwanafunzi atalazimika kuulipa, na fungu la familia. Ingawa serikali ilitangaza kupunguza karo mwaka wa 2025, mzazi aliyeuza ng'ombe au kukopa chamani ana haki kamili ya kuuliza ananunua nini.

Maoni ya mwandishi huyu ni kwamba bidhaa yenyewe ni njema, na nchi hii inaihitaji mno. Kasoro iko katika namna inavyofundishwa.

Tuanze na elimu yenyewe. Elimujamii huchunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja: familia, dini, tabaka, kabila, uhalifu, kazi na mamlaka. Mfaransa Auguste Comte ndiye aliyeipa jina lake la Kizungu katika karne ya 19, lakini mizizi yake haiko Ulaya pekee. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika kuhusu mshikamano wa jamii na sababu za dola kuinuka na kuanguka mnamo 1377, karne nyingi kabla ya Comte kuzaliwa.

Mwaka wa 1897, Mfaransa mwingine, Emile Durkheim, alionyesha kwamba hata kujiua, tendo tunalodhani ni siri ya moyo wa mtu mmoja, kuna uhusiano na jinsi jamii inavyowashika au kuwaachilia watu wake. Naye Mmarekani C. Wright Mills, katika kitabu alichokitoa 1959, akatufundisha kutofautisha tatizo la mtu na suala la umma. Mtu mmoja akikosa kazi mjini, tunaweza kumwangalia tabia na ujuzi wake. Mamilioni wakikosa, hatuna budi kuuangalia mfumo.

Hoja hiyo ya Mills inawahusu moja kwa moja wanaoikejeli elimujamii. Huambiwa vijana kwamba hawana kazi kwa sababu walisomea upuzi. Je, madaktari nao walisomea upuzi? Itakumbukwa kwamba mwaka wa 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na mojawapo ya malalamiko makuu lilikuwa kucheleweshwa kwa nafasi za mafunzo ya kazi kwa waliohitimu, na malipo yao. Walimu nao wamehitimu kwa maelfu wakakaa nyumbani kwa miaka. Ni dhahiri kwamba uhaba wa ajira si ugonjwa wa shahada moja.

Tugeukie mahitaji ya nchi. Mfumo huohuo wa ufadhili ni mfano mzuri. Ili serikali ijue mwanafunzi apewe kiasi gani, ni sharti kwanza ipime uwezo wa familia yake. Hapo ndipo penye kitendawili. Maskini ni nani? Mfugaji wa Samburu mwenye ng'ombe 30 wakati wa ukame, huku wakifa mmoja mmoja, ni tajiri au fukara? Mama anayeuza samaki Kisumu, ambaye hana hati ya mshahara na ambaye pato lake la Jumatatu si la Jumanne, atajazaje fomu inayouliza pato la mwezi? Na nyumba ya watoto wawili yatima wanaolelewa na mjomba mwenye mshahara ihesabiwe vipi?

Haya ni maswali ya elimujamii tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka wa 2024 wazazi na wanafunzi walilalamika kote nchini kwamba familia za kimaskini zilikuwa zimewekwa katika makundi ya wenye uwezo. Serikali ikalazimika kuunda kamati ya kuutathmini mfumo. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaamua kwamba unakiuka Katiba, kabla ya Mahakama ya Rufaa kusimamisha utekelezaji wa uamuzi huo mwaka wa 2025. Kompyuta inaweza kupanga majibu ya fomu kwa dakika chache, lakini haiwezi kutunga swali linalofaa kuulizwa. Kazi hiyo humhitaji mtu anayewajua watu.

Mfano wa pili unatoka Lamu. Kibali cha kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 kilifutwa Juni 2019 na Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira. Sababu mojawapo kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mradi wa mabilioni ya fedha ulikwama kwa kuwa wenyeji, wakiwemo wavuvi wanaoitegemea bahari hiyo, hawakupewa nafasi ya kutosha ya kusikizwa. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na serikali zote 47 za kaunti zinafungwa na sharti hilo. Hata hivyo, mara nyingi ushirikishwaji huwa ni hema, viti vya plastiki, hotuba na chupa za maji.

Mfano wa tatu ni mchungu zaidi. Mwaka wa 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Kesi ziko mahakamani na sheria itafuata mkondo wake. Lakini hukumu ya mahakama haitatueleza ni kwa nini familia nzima, baadhi zikiwa na watu waliosoma na kuajiriwa, ziliacha nyumba na kazi zikaenda msituni. Polisi hutafuta mkosaji. Ni nani anayetafuta chanzo?

Kenya haijakosa wanaelimujamii wa kujivunia. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua marehemu Katama Mkangi kwa riwaya zake Ukiwa, Mafuta na Walenisi. Wengi hawajui kwamba kazi yake ilikuwa kufundisha elimujamii katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliwekwa kizuizini mwaka wa 1986, wakati wa msako dhidi ya waliodaiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya. Serikali ya wakati huo haikuiona elimu yake kuwa upuzi. Iliiogopa.

Mkangi anatukumbusha jambo jingine. Aliichambua jamii kwa lugha ambayo jamii hiyo iliielewa. Leo mwanafunzi wa elimujamii husoma kwa Kiingereza, hujibu mtihani kwa Kiingereza na kuandika ripoti kwa Kiingereza. Anaweza kueleza nadharia ya matabaka kurasa kumi, lakini ukimpeleka Ganze akamhoji bibi kizee kuhusu ardhi ya ukoo, atababaika. Dodoso lake lililotafsiriwa harakaharaka litauliza kitu kimoja, naye bibi atajibu kingine.

Hapa ndipo lawama zinapostahili kuelekezwa vyuoni. Kwanza, kumbi hujaa wanafunzi kupita kiasi. Kozi hii haihitaji maabara wala vifaa ghali, kwa hivyo imekuwa rahisi kwa vyuo kuongeza idadi bila kuongeza wahadhiri. Mhadhiri mwenye mamia ya karatasi za kusahihisha hawezi kusimamia utafiti wa kila mwanafunzi.

Pili, utafiti wa nyanjani umedhoofika. Wapo wanaohitimu bila kukaa hata wiki moja katika mtaa au kijiji wasichokijua, wakisikiliza na kuandika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanafunzi wa udaktari asiyemgusa mgonjwa hatungemwita daktari. Iweje tumwite mwanaelimujamii mtu asiyewahi kuigusa jamii?

Tatu, wengi huzikimbia takwimu. Sensa ya 2019 ilituhesabu Wakenya milioni 47.6, na ndani ya hesabu hiyo kuna habari za nyumba, maji, elimu na kazi za kila eneo. Mhitimu asiyeweza kuzisoma hesabu hizo anajifungia mlango mwenyewe.

Udhaifu huu una gharama kubwa sasa kuliko zamani. Kwa miongo mingi, mashirika yasiyo ya serikali ndiyo yaliyokuwa kimbilio la wahitimu wa elimujamii. Serikali ya Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, mwaka wa 2025, miradi mingi humu nchini ilifungwa na wafanyakazi wakarudi nyumbani. Mlango huo umebana. Iliyobaki ni milango inayohitaji ujuzi halisi: kaunti, idara za watoto na urekebishaji tabia, tathmini za miradi, utafiti wa masoko na takwimu.

Nini kifanyike? Vyuo vilifanye somo la utafiti wa nyanjani kuwa sharti la kuhitimu, si jina katika orodha ya masomo. Vifundishe kuhoji kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji. Vipokee idadi vinayoweza kuilea. Kaunti nazo ziwape wanafunzi hao kazi ya kukusanya maoni ya wananchi kabla ya miradi kuanza. Itakuwa nafuu kuliko kushindwa kortini baadaye.

Suala hili halitasubiri. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na serikali ililenga asilimia 60 yao wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na asilimia 25 sayansi za jamii. Hakuna ubaya kuwa na wahandisi wengi. Lakini kundi hilo dogo litakapofika chuoni 2029 likikuta kumbi zilezile na makaratasi yaleyale, tutakuwa tumewadhulumu wao na wazazi wao.

Kwa mwanafunzi aliyepata barua hiyo mwaka huu na ambaye hajui amjibu nini mzazi wake: anza na mtaa wako. Jua ni nani anayelala njaa, ni nani anayemkopesha, na kwa nini chifu hajui. Ukifika mwaka wa nne ukiwa na majibu ya maswali hayo, yaliyopimwa na kuandikwa vyema, utakuwa na la kumwambia mzazi, na la kumwambia mwajiri pia.