Chapa kazi, lakini usichape wewe

Kuna maneno mawili ambayo sisi vijana wa Kenya tumeyafanya mapacha bila kujua. "Kuchapa kazi" ni sifa. Ukiambiwa wewe ni mchapa kazi, unatembea kifua mbele. Halafu kuna "kuchapa" kwa lugha ya mtaani: kiatu kimechapa, gari limechapa, msee amechapa. Yaani ameisha, amechakaa. Hapa Nanyuki siku hizi nasikia hilo la pili kuliko la kwanza, na wanaolisema hawajafika hata miaka thelathini.

Wewe unayesoma hii kwa simu ukiwa umejifunika blanketi kwa baridi ya mlima, huenda ni mmoja wao. Asubuhi uko dukani kwa mtu, jioni unashika boda ya rafiki, usiku unaandikia watu wa ng'ambo mtandaoni. Hizi kazi za mtandaoni ndizo zinazomaliza usingizi kabisa. Ikiwa saa tisa usiku kwetu, New York ni saa moja au saa mbili jioni, kulingana na majira, na mteja wa huko anataka kazi yake kabla hajalala. Wewe unalala lini? Hakuna anayeuliza. Ukilalamika unaambiwa, "Wacha ulegevu, wenzako wako kwa hasla."

Niseme wazi: huo si ulegevu. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliieleza hali hii, banauti, katika toleo jipya la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika 2022. Halikuiita ugonjwa. Lilisema ni hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haujadhibitiwa. Dalili zake ni tatu. Kwanza, nguvu zinaisha. Pili, kazi inakuchukiza au akili yako inakaa mbali nayo. Tatu, unahisi hata ukifanya, hufanyi lolote la maana.

Isome tena hiyo ya tatu. Ndiyo inayotuamsha usiku na lile swali: "Kwani mimi naishi kwa nini?"

Shida yetu ni kwamba tunajaribu kulijibu swali hilo wakati mbaya kabisa. Mtu hajalala vizuri kwa miezi, anafungua simu, anakutana na mhamasishaji mwenye suti akimwambia, "Tafuta kusudi lako!" Basi kusudi nalo linakuwa kazi nyingine kwenye orodha, deni jingine la kulipa. Anayetafuta maana ya maisha akiwa amechoka hivyo atapata jibu moja tu, kwamba hayana maana. Na hilo si jibu, ni uchovu unaongea.

Waulize waelekezi wanaopeleka watu Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon. Point Lenana iko mita 4,985 juu ya bahari, na wanaoshindwa njiani si wazee peke yao. Wengi ni vijana wenye misuli waliokimbia. Kichwa kinauma, wanatapika, miguu inakataa. Ugonjwa wa mwinuko hautibiwi kwa ujasiri. Ukizidi, dawa ni kushuka. Hakuna mwelekezi mwenye akili atakayekwambia "kaza moyo". Na hakuna anayeketi pale kambini akitapika na kuanza kujiuliza kama alizaliwa kwa ajili ya milima. Anashuka kwanza. Maswali baadaye.

Sasa utaniuliza: "Nitashuka vipi na kodi ya nyumba inafika tarehe tano?" Ni swali la haki, na ndiyo maana sitakwambia uende likizo Diani.

Kama umeajiriwa, iwe ni hotelini, dukani au kwenye mashamba ya maua kule Timau, anza na sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila baada ya miezi 12 mfululizo. Siyo zawadi ya bosi. Ni haki yako, na kuidai kwa adabu si utovu wa nidhamu.

Lakini wengi wetu hatuna bosi wa kumdai. Ni sisi na boda, sisi na kibanda, sisi na laptopu. Hapa ndipo nadhani tumekosea kwa kudhani kupumzika ni jambo la mtu binafsi. Wanachama wa steji moja ya boda wanaweza kukubaliana kwamba kila mmoja ana siku yake ya kulala, na mwenzake anashika pikipiki na kupeleka hesabu ya siku kwa mwenyewe. Chama kinaweza kuweka kando kitu kidogo cha mwanachama aliyezidiwa kupumzika wiki moja. Tunajua kuchanga, jamani! Aibu ni kwamba tunachangia jeneza la mtu haraka kuliko tunavyoweza kuchangia mapumziko yake akiwa hai.

Ukishapumzika, ndipo turudi kwa kusudi.

Mimi niliacha chuo karo ilipotushinda nyumbani. Watu walinipa pole kama waliofiwa, kana kwamba maana ya maisha yangu ilibaki imefungiwa kwenye ofisi ya msajili. Wengi wetu tumelelewa hivyo: kusudi ni cheti, cheo au gari. Vikikosekana, basi wewe ni bure.

Mtazame Wangari Maathai, mama yetu wa Ihithe, hapo tu Nyeri. Hakupata kusudi kwa kujitazama kwenye kioo. Aliwasikiliza akina mama wa mashambani wakisema kuni zimekuwa mbali, maji safi hakuna, chakula hakitoshi. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake walipanda miti saba Kamukunji, Nairobi. Saba tu. Mwaka 1982 alijiuzulu Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na chuo kikakataa kumrudisha. Kazi ilikwenda, lakini kusudi halikwenda nayo, kwa sababu halikuwa limekaa kwenye ile kazi. Tuzo ya Nobel ya Amani ilimfikia 2004, na kufikia hapo maelfu ya wanawake walikuwa wamepanda mamilioni ya miti.

Kwa hivyo badala ya kujiuliza "kusudi langu ni lipi", jiulize ni shida gani iliyo karibu nawe ambayo huwezi kuipita ukanyamaza. Labda ni mtoto wa jirani anayefeli hesabu. Labda ni plastiki kando ya mto Likii. Chukua moja, ndogo, na usiifanye hasla. Si kila kitu unachokipenda lazima kikulipe.

Na kama umepumzika na giza bado halijatoka, au umeanza kufikiria kufa, hapo si mambo ya banauti tena. Ongea na mtu leo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya bure, 1199. Usiogope kukamatwa pia. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Sisi tumeshika jua, tukasahau kivuli. Wiki hii, kabla ya kupanga lolote, chagua siku yako moja. Mwambie mwenzako wa steji, wa chama au wa nyumbani ni siku gani, kisha umuulize yake ni ipi.