Gari la Moshi la Zamani ni la Nani?

Katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, zimehifadhiwa injini mbili kubwa za mvuke. Moja yaitwa Mount Gelai, namba 5918; ya pili ni Mount Shengena, namba 5930. Mlima Gelai uko karibu na Ziwa Natron, na Shengena uko Upare; yote miwili ni milima ya Tanzania. Injini za namna hiyo zilijengwa Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956, kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Zilikuwa 34, kila moja uzito wake ukipita tani 250, wala hapakuwa na injini ya mvuke iliyozishinda nguvu katika reli zote za upana wa mita moja duniani. Leo zimebaki hizo mbili tu. Nyingine zilikatwa zikawa vyuma chakavu.

Twayataja haya kwa kuwa jambo lenyewe limefika mlangoni petu. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinakwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma juu ya reli mpya iliyo pana zaidi. Sisi twaishangilia kazi hiyo. Lakini ile reli ya mita moja, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, ina vituo, karakana na vyombo vya kale ambavyo havina budi kuamuliwa vitafanywa nini. Wapo wanaoona chuma kikuukuu ni cha kuuzwa kwa ratili. Wapo wanaosema gari la moshi lifufuliwe, lichukue watalii. Sisi tu upande wa hawa wa pili. Lakini kwanza twauliza: gari hilo litakuwa la nani?

Tutazame wenzetu. Huko Nilgiri, kusini mwa India, iko reli ya mlimani yenye upana wa mita moja kama yetu. Hupanda kutoka Mettupalayam hata Ooty, mwendo wa kilomita 46, na mwaka 2005 UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia. Watalii huifuata kwa wingi. Lakini linalotupendeza zaidi ni hili: baada ya mwaka 2010, mafundi wa karakana ya reli ya Golden Rock, mjini Tiruchirappalli, waliijengea injini mpya za mvuke kwa mikono yao. Ufundi wa wazee haukuzikwa pamoja nao.

Na huko Wales, reli ndogo ya Talyllyn, iliyojengwa katika miaka ya 1860 ichukue mawe ya kuezekea nyumba, ilikuwa karibu kufa mwenyewe alipofariki mwaka 1950. Watu wa kawaida wakakutana Birmingham, wakaunda chama, na mwaka 1951 wakaanza kuiendesha kwa kujitolea. Ilikuwa reli ya kwanza duniani kuokolewa hivyo, nayo yaenda hata leo. Kujitolea si neno geni kwa wanachama wetu.

Wako watakaosema kwamba reli hizi ni alama ya ukoloni, basi zifutwe. Ni kweli kwamba mkoloni alizijenga ili mali ya nchi itoke. Lakini faida ilikuwa yake, na jasho lilikuwa letu. Ni Waafrika waliobeba mataruma, wakatunza moto, wakakesha vituoni usiku wa mvua. Na mwaka 1947, mgomo ulipoanza kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam, wafanyakazi wa reli waliuingia, nao ukaenea mpaka bara. Anayefuta reli afuta na habari za watu hao.

Tunachokiogopa sisi ni gari la moshi ambalo mgeni ameketi ndani akinywa chai na kusimuliwa habari za magavana na wawindaji, huku mjukuu wa dereva amesimama kando ya njia akipunga mkono. Hilo litakuwa ukoloni uliopakwa rangi mpya.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, chombo chochote cha mvuke kilichobaki kisiuzwe wala kukatwa kabla ya kukaguliwa na kuandikwa. Pili, mafundi na madereva wa zamani watafutwe sasa, wangali hai, wafundishe vijana. Maana chuma chaweza kungoja, mzee hangoji. Tatu, gari likifufuliwa, pawe na nauli ya mfanyakazi na mtoto wa shule, na habari zitakazosimuliwa ndani yake ziwe za wale walioijenga njia na kuiendesha.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni na aje, twamkaribisha. Lakini mwenyeji naye apone.